Niliweka jani la sale kwenye kiti cha Mama Godi ili nimtishe, nikajikuta nimeomba msamaha usio wangu

Wakuu, salaam kwenu, wa mjini na wa shamba.

Hiki kisa nimekishuhudia kwa macho yangu hapa Arusha, na wahusika wameniruhusu nikiandike mradi nisitaje koo zao. Atakayeona ni chai, aongeze sukari anywe. Mimi nasimulia kilichotokea.

Kwetu ni Tabora. Huku nimeletwa na riziki, ni fundi simu pale Kaloleni. Duka la jirani ni la dada Nasrin, familia yao ya Kihindi wanauza vitambaa tangu enzi za babu yake. Jumapili mchana duka likiwa limefungwa, chumba chake cha nyuma kinakuwa baraza la wasomaji wa hadithi. Tunakaa katikati ya majora ya vitambaa, tunakunywa chai ya tangawizi, tunabishana.

Msije mkadhani ni wasomi wa chuo. Yupo Nasrin, yupo Mwalimu Elia ambaye ni mstaafu, yupo Mama Godi wa Kikatiti, yupo wifi yake Mama Ndeshi anayelima kule Nduruma, na mimi. Aliyeanzisha baraza ni Mama Godi.

Sasa shida ilikuwa hapo kwa mawifi.

Siku ya kipaimara cha Godi, Mama Ndeshi kama shangazi alipewa kipaza sauti aseme neno. Akasema, "Tumshukuru bibi yake huyu mtoto, maana angeachiwa mama yake peke yake leo tusingekuwa hapa." Ni utani wa mawifi, watu wakacheka. Mama Godi hakucheka, na mimi nisingecheka.

Tangu hapo hawasalimiani. Barazani mmoja anakaa kona hii na mwingine kona ile, na wanaongea kupitia kwa Mwalimu. "Mwalimu, mwambie huyo jirani yako asogeze birika." Birika lenyewe liko katikati yao.

Mwisho Mama Godi akatutangazia kwamba kitabu tulichokuwa tunasoma kikiisha, yeye basi. Hawezi kushinda shambani wiki nzima halafu Jumapili apande gari kuja kununa.

Nisiwafiche, iliniuma. Ukiishi mbali na kwenu unapata mama wa kukuuliza umekula nini, na kwangu alikuwa yeye. Na sote tulijua akiondoka yeye baraza limekufa.

Turudi kwenye kitabu. Ni mkusanyiko wa riwaya fupi nne za kutisha. Jina silitaji, anayetaka aje PM. Mwandishi sio mtu wa huku, nasikia ni wa Dar.

Maoni yalikuwa ya moto. Ile ya dereva wa lori aliyempa lifti marehemu, Mwalimu aliikataa kabisa. Alisema mzimu ule unaongea mno, mzimu gani unatoa hotuba kama mgeni rasmi. Nasrin aliogopa ile ya nyumba ya urithi yenye chumba kisichofunguliwa, kwa sababu na kwao kuna chumba cha marehemu bibi ambacho kila mtu anampa mwenzake kazi ya kukifagia. Mama Ndeshi aliisifia ya kisima.

Mama Godi akasema hakuna hata moja iliyomtisha. "Mimi nina mume mshabiki wa mpira. Huyo mwandishi atanitisha na nini?"

Ikabaki riwaya ya nne, ya jani.

Hiyo ilinimaliza. Kuna kijiji cha mlimani, mtu akiamka anakuta jani la sale mlangoni au kwenye kiti chake, limefungwa fundo. Analitupa motoni. Haipiti wiki anakufa. Wakuu, niliisoma saa sita mchana jua likiwaka, na bado niliangalia mlangoni.

Kwa wasiolijua, sale ni mmea wa majani marefu, watu wa huku wanaupanda mipakani. Ninapopanga upo kwenye uzio, nilikuwa nauona kila siku. Lakini nilichojua kuhusu sale ni kile kilichoandikwa kitabuni tu. Hapo ndipo ujinga wangu ulipo, mnicheke taratibu.

Nikapata wazo la kumfanyia Mama Godi prank. Nilijiambia akiruka kidogo, akacheka, labda atasahau habari ya kuondoka.

Jumapili hiyo nikamwomba mama mwenye nyumba jani moja la sale. Akaacha alichokuwa anafanya, akaniangalia kwa huruma mpaka nikaona aibu. Akasema, "Chukua baba. Mungu akutangulie, na usichelewe njiani." Nikajisemea, kumbe huyu mama naye anapenda prank.

Nikalifunga fundo kama kitabuni, nikawahi dukani, nikaliweka kwenye kiti cha Mama Godi. Kisha nikakaa na simu mkononi, tayari kurekodi.

Mwalimu akaingia. Akaliona jani, akavua kofia, akakaa. Mama Ndeshi akaingia, akaliona, akasimama kama amesahau alichokuja kufanya. Nikaanza kuhisi kuna kitu sikijui.

Ndipo akaingia Mama Godi.

Hakuruka. Aliliangalia lile jani kwa muda, akaliinua kwa mikono miwili kama anavyopokea sakramenti. Akageuka kule kona ya pili.

"Wifi," akasema. Sio Mwalimu mwambie. Wifi. "Nimelipokea. Yameisha."

Wakuu, maji yalichemka kwenye jiko la Nasrin na hakuna aliyeyaepua. Mama Ndeshi akaliangalia jani, akaniangalia mimi na simu yangu, akaliangalia jani tena. Nikataka kusema mama zangu samahani, ni mimi, nilikuwa natania. Nasrin akanikanyaga mguu kwa nguvu zote.

Mama Ndeshi akaanza kulia. "Nisamehe wifi. Yale maneno nilipoyasema tu nilitamani niyameze. Kila Jumapili nakuja hapa niseme, nashindwa."

Wakakumbatiana pale katikati ya majora, na mimi nikaiweka simu mfukoni polepole. Nililia pia, sioni haya kusema.

Mwalimu ndiye aliyenieleza baadaye, tukiwa nje. Kwa Wameru na Wachaga, jani la sale ni la kuombea msamaha. Uliyemkosea ukimpelekea sale, hata awe na hasira kiasi gani, halikataliwi. Nikamkumbuka mama mwenye nyumba na dua yake.

Siku ile mjadala wa kitabu ulikuwa mtamu kuliko siku zote. Mwalimu alimshambulia mwandishi kwamba amechukua alama ya amani ya watu akaifanya ya mauti, angeuliza hata mtu mmoja wa huku kabla ya kuandika. Mimi nikajifanya namimina chai, maana kosa langu na la mwandishi lilikuwa moja.

Lakini Mama Ndeshi akapinga, macho bado mekundu. Alisema someni vizuri. Wote waliokufa mle walilichoma jani. Walikuwa wanaombwa msamaha, wao wakautupa motoni. Hakuna aliyelipokea hata mmoja.

Nasrin akasema basi sasa ndiyo inatisha kweli.

Mpaka leo hatujakubaliana kama mwandishi alikosea au alijua anachofanya.

Sasa mimi nikabaki na mzigo. Nikimwona Mama Godi anavyocheka na wifi yake, nasema siku akijua ni prank ya fundi simu itakuwaje? Usingizi ukawa wa shida. Mwishowe nikafunga kazi, nikaenda Kikatiti kwake. Nilimkuta uani anapukuchua maharage. Nikampa shikamoo, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote.

Hakuinua hata kichwa. Mabega tu yalikuwa yanacheka.

"Mwanangu, sale la msamaha mtu analileta kwa mkono wake, au anamtuma mtu mzima. Haliachwi kwenye kiti kama kandambili. Na kitabu nilishakisoma, nikakuona umekaa na simu. Mimi sijui utani?"

Nikamuuliza, sasa mama kwa nini ulilipokea?

Akapukuchua ganda jingine. "Nilishachoka kununa. Wifi yangu ana kiburi, na mimi ninacho. Yeye asingelileta, na mimi nisingemwomba alilete. Nilipoliona pale kwenye kiti nikasema, hili hili linatosha."

Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka Mama Ndeshi na sufuria, amejifunga kanga ya Mama Godi. "Mnacheka nini huko?"

"Tunamsengenya mwandishi," akajibu Mama Godi, akamsogezea wifi yake kigoda.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba usimtanie mtu kwa kitu ambacho hujui kwao kina maana gani. Mimi nilibahatika tu, ningeweza kuharibu kabisa. Na kama kuna mtu umenuniana naye, usisubiri akuletee kitu kamili, pokea hata kilichofika kwa bahati mbaya.

Baraza lipo, chai ipo, na Mama Godi ndiye anayechagua kitabu kijacho. Watu wa Meru na Kilimanjaro njooni mnisahihishe nilipokosea kuhusu sale. Na mliosoma hicho kitabu, semeni: yule mwandishi alikosea, au alijua?