Mbegu Kavu Haijafa

Juzi nilikabidhiwa darasa la tatu katika shule moja ya Kibondo ninakofanyia mazoezi ya ualimu. Somo lenyewe jepesi: kuota kwa mbegu. Nikashika punje ya haragwe, nikawageukia watoto, kisha nikatoka nje kufuta macho. Ngoja nikusimulie wewe, rafiki yangu, maana wenzangu wa ofisini niliwaambia ni mafua.

Mwaka 2013 nami nilikuwa darasa la tatu, kijijini kwetu Kasulu, kando ya barabara iendayo Manyovu. Mwalimu wetu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na tulimpenda sana. Alitugawia punje za maharage tuzipande kwenye makopo. "Msiione kavu mkadhani imekufa," alisema. "Uhai umo ndani. Inangoja maji, hewa na joto. Mkiona udongo umepasuka, jueni inakuja."

Nikanyoosha mkono. "Hata kama imekaa chini muda mrefu, Mwalimu?"

"Hata hivyo. Wewe mwagilia tu."

Hakujua nilichokuwa nauliza. Likizo ya Juni homa ilikuwa imemchukua mdogo wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, na tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Joto lilikuwepo, hewa ilikuwepo. Kilichokosekana ni maji, kwa kuwa kiangazi kilikuwa kimeshika.

Basi kila jioni nikitoka kuteka maji bondeni nilipitia migombani kwanza. Bibi, mtu wa utani, akaona ndoo zinafika nusu. "We mwana, ndoo ndiyo inavuja au ni wewe?" Nilicheka naye, kisha nikaketi kula ugali wa muhogo na dagaa waliopikwa kwa mawese. Ndizi mbivu yangu nilikuwa naificha. Nilijua mdogo wangu atakuja na njaa.

Shuleni makopo yakaanza kupasuka. Maharage yalitoka yameinamisha shingo, yamejitwisha maganda yao. Siku chache baadaye, asubuhi, nikakuta na kaburi limepasuka, ufa wa kuingia kiganja.

Nilikimbia jikoni. "Mama, anakuja! Udongo umepasuka!"

Mama alikuwa anakoroga uji. Aliutupa mwiko akakimbia, pekupeku, kanga ikimdondoka njiani. Alipiga magoti, akaingiza vidole kwenye ufa, akatega sikio. Tulibaki hivyo mpaka harufu ya uji unaoungua ikatufikia, na Bibi akaja na jembe.

"Udongo wa kaburi hushuka, wanangu," alisema taratibu. "Ukilowa ndiyo unashuka zaidi." Akaufukia ufa. Mama alilia kwa sauti ambayo sikuisikia hata siku ya mazishi.

Bibi naye ametangulia. Migomba iliingiwa na mnyauko ikang'olewa, pakapandwa mihogo, na leo nikikupeleka siwezi kukuonyesha mahali penyewe. Mama hajawahi kulitaja jambo lile, nami naogopa kumuuliza. Mimi nilikuwa mtoto, niliamini nilichofundishwa. Lakini mama yangu alikuwa mtu mzima. Alimwosha mwanawe kwa mikono yake mwenyewe, akamfunika sanda, na bado nilipomwita alikimbia.