Balozi Mabruki Akagua Nyumba ya Isevya

Mwaka 1969, katika mtaa wa Ng'ambo, hapakuwa na mtu aliyelipenda neno "nyumba" kama Mabruki, fundi cherehani, wala aliyelionea aibu kama yeye. Watu walikuwa wamemchagua balozi wa nyumba kumi, naye mwenyewe alikuwa mpangaji wa chumba kimoja. Kila alipokwenda kusuluhisha ugomvi wa mipaka, hakukosekana mwenye ulimi: "Na wako mpaka uko wapi, Balozi? Kitandani?"

Basi aliposikia kwamba mzee Nassibu wa mtaa wa Isevya anauza nyumba ahamie kwa binti yake Kigoma, Mabruki alikwenda mbio. Akakaa barazani, akautazama mlango wa mninga uliotiwa nakshi, akarudi akiwa mwenye nyumba tayari. Kabla hajaiona sebule alikwisha kualika watu maulidi.

Mkewe, Zamda, ambaye akiba yao ilitoka zaidi kwenye vitumbua vyake kuliko kwenye cherehani, alisikiliza, kisha akasema, "Baba Mwamvita, hata kuku humnunui bila kumpapasa kidari. Tumwite fundi."

Fundi alikuwa Jilala, mwashi kutoka Ziba, mtu wa maneno machache na nyundo moja. Walimkuta mzee Nassibu mlangoni, amevaa kanzu safi. Chokaa ya ukutani ilikuwa ya jana. Mabruki aliegemea, akabanduka na bega jeupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni. Hii ni nyumba ya historia. Wapagazi wa misafara walilala chini ya paa hili, pembe zao za ndovu kichwani."

Jilala akatazama juu. "Chini ya bati hili?"

"Bati ni vazi tu," mzee akasema. "Mwili ni ule ule. Matofali ya kuchoma."

Jilala akagonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Ukalia pu, pu, kama debe tupu. Akakwangua kidogo. Saruji ilikuwa nyembamba kama ganda la yai, na nyuma yake palikuwa na udongo, fito, na mchwa walioduwaa kama watu waliofumaniwa.

Kona moja ilikuwa imetundikwa mkeka mpya. Zamda akaufunua, akakuta ufa. Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Mara akaruka: kuku wa jirani, huko nje, alikuwa amemdonoa kidole.

"Huo ni wa kupitisha hewa," mzee akaeleza.

"Kweli kabisa," Mabruki akadakia. "Watu wa kale walikuwa na akili."

Jilala akapanda juu ya kinu, akachomoa msumari mfukoni, akausukuma kwenye boriti kwa kidole gumba. Uliingia kama kisu kwenye papai.

Hapo Mabruki akapandwa na hasira, na hakuzipeleka kwa muuzaji. "Jilala, nimekuleta uikague nyumba, sikukuleta uitukane! Mbona mlango huusemi?"

"Mlango mzuri, Balozi. Ila usiufunge kwa kishindo. Kilicho kizima hapa ni huo na kiwanja."

Mabruki akakaa barazani kama mtu aliyefiwa. Akamnong'oneza mkewe, "Watu nimekwisha kuwaambia."

"Kawaambie tena. Mimi wanangu siwalazi kwenye ukuta unaodonolewa na kuku." Zamda akamgeukia mwenye nyumba. "Mzee, kiwanja na mlango tu, utatuuzia?"

Mzee Nassibu aliwafukuza. "Mabepari wa vitumbua!" alipiga kelele mpaka wakafika njia panda.

Mvua zilipoanza, ukuta wa nyuma ulilala chini wakati mzee yuko msikitini, akisali adhuhuri. Wiki hiyo alituma mtu Ng'ambo, na aliyeitwa hakuwa Balozi, bali Zamda. Wakakubaliana kiwanja na mlango.

Sasa ikabaki kujenga. Miaka yote Mabruki alikuwa msemaji hodari wa kujitegemea: watu wakichimba mtaro kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya mtaa, yeye alikaa kivulini na daftari la majina. Lakini Jilala alikubali kuashi tu. Tofali walitakiwa wafyatue wenyewe. Siku Balozi alipokunja suruali akaingia kwenye udongo, mtaa mzima ulikuja kutazama, wengine wamebeba vigoda.

"Kujitegemea, Balozi!" akapaza sauti Mahona, muuza mkaa. "Leo daftari kashika nani?"

"Mimi," Zamda akajibu, akalifungua. "Mahona, jina lako hili hapa. Vua viatu."

Wakacheka, na Mahona akavua. Wengine walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli mjini.

Walihamia mwaka 1971. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na mlango ulioizidi hadhi, kama kofia ya bwana harusi kwenye kichwa cha mtoto. Jioni Mabruki hukaa barazani akiwasimulia wageni kwamba ile kubwa ya mzee Nassibu angeweza kuinunua bila shida, ila aliikataa kwa msimamo.

"Vyumba viwili vinamtosha mjamaa," husema, mguu juu ya mguu.

"Mjamaa," Zamda huita kutoka uani, "ndoo ziko tupu. Njoo uzichukue."

Naye huenda, akiwaambia wageni kwamba anakwenda kukagua kisima.