Mashavu na Maji ya Pili

Kefule! Kuna watu wanaotia kinyaa kwa uchafu, na kuna wanaotia kinyaa kwa kuwaza, na Mashavu binti Shaban alikuwa wa kundi hilo la pili. Hakuwa mvivu, mtu asije akamsingizia. Alfajiri yumo kwenye mpunga wa kaka yake, mchana anatwanga, jioni anasugua vyungu vya watu. Lakini shamba lake mwenyewe, lile aliloachiwa na mama yake kule bondeni Ngorongo, lilikuwa limeota matete mpaka nguruwe wakalifanya kwao.

Lilikuwa shamba la mlau, na mlau ni kilimo cha kuyafuata maji. Mto unafurika, unalala bondeni, kisha unarudi taratibu, na mkulima anaunyemelea kwa nyuma, anatoboa mashimo kwenye tope bichi na kutia mahindi. Ukichelewa, jua linaipasua ardhi ikawa kama kisigino cha kikongwe. Ukiwahi, huenda mto ukarudi mara ya pili ukaozesha kila ulichofukia. Basi katikati ya kuwahi na kuchelewa, hapo ndipo Mashavu alipokaa akashika tama.

Tangu aachwe na mumewe, vita vya Hitla vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, akarudi kwa kaka yake Tamimu, neno lake lilikuwa moja: mwaka huu nalima langu, najenga langu, nakula changu. Maji yakishuka anakwenda bondeni, anatia kidole kwenye tope, anarudi nyumbani kuwaza. Je, maji ya pili yakija? Anamuuliza mwalimu wa Kurani, anaambiwa amtegemee Mungu. Anafunga safari hadi Utete kupigiwa ramli, anaambiwa asubiri mwezi uandame. Anawauliza mabibi, kila bibi na lake. Akija kumaliza kuuliza, ardhi imeshapasuka. "Mwakani, inshallah," anasema, na moyoni anaona nafuu. Nafuu hiyo ndiyo iliyomchukiza kuliko yote, maana aliijua kuwa ni ya uoga.

Na mbegu je? Mbegu zilibaki darini juu ya meko, fukusi wakazibungua, na wifi yake Zabibu akazisaga akasonga ugali. Ugali gani ule, jamani! Wa kijivu, mchungu, una harufu ya vumbi la ghala bovu. Nyumba nzima iliujua kuwa ni ugali wa Mashavu.

"Karibu wifi, mavuno yako haya," Zabibu alikuwa akimsogezea sahani. "Mchagua jembe si mkulima."

Mashavu alimega tonge, akameza bila kutafuna. Kila neno lilikuwa la kweli.

Vita vikaisha, na mafuriko ya mwaka ule yakaanza kushuka. Jumbe Mtoro akaja hadi kibarazani kwa Tamimu. Mashavu akapiga goti, akaamkia.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, mwanangu. Sina maneno mengi. Shamba la mama yako limekuwa pori, na watu wanataka ardhi. Nilikuwa nikikutetea, sasa midomo imeniuma. Maji haya yakikauka sijaona mche wako, nampa mwingine."

Mashavu akamtazama kaka yake. Tamimu akatazama kuku. Shamba likienda, Mashavu angezeeka kwenye mkeka wa wifi yake, akila kwa kusimangwa hadi siku ya kubebwa kwenye jeneza. Hilo alilijua wazi, wala halikuhitaji ramli.

Ungedhani ataruka na jembe saa ile ile. Wapi! Alikwenda bondeni, akatia kidole kwenye tope, akarudi kuwaza. Mawingu yale kule juu yana maana gani? Mbona korongo hawajatua? Wenzake wengine wamekwisha kuanza kupanda, lakini wao wana waume, wakikosea watalishwa. Yeye akikosea je? Akaamua, ati, kwanza aziangalie mbegu.

Akapanda uchaga wa juu ya meko, akateremsha kitunga, akatumbukiza mkono. Lo! Kitunga kilikuwa na joto kama kitu kilicho hai. Fukusi wakamtambaa vidoleni, wakapanda kiganjani, wakaingia kwenye mkono wa gauni hadi kwapani. Mbegu zenyewe ni za msimu huu, na tayari wamo! Mashavu alikitupa kitunga, akakimbilia nyuma ya nyumba, akatapika mpaka machozi yakamtoka. Na pale alipoinama, mate yakimning'inia mdomoni, hakuwa akiwachukia fukusi. Wadudu wale walikuta chakula wakala, kosa lao nini? Alijichukia yeye. Miaka yote hii alikuwa akiwafuga.

Hakuuliza mtu. Alizimimina mbegu kwenye chungu cha maji, mbovu zikaelea akazimwaga, zilizozama akazifunga pembeni mwa kanga. Akachukua panga na mti wa kutobolea, akashuka.

"Wifi, unakwenda wapi na mawingu haya?" Zabibu alimpigia kelele.

"Kupanda!"

"Astaghfirullah, leo jua limechomoza wapi?"

Alifyeka matete, yakamkata mikono. Tope la bonde lilikuwa jeusi, linanuka samaki waliooza, linamshika miguuni kwa mlio wa kuchukiza, na ruba wakamganda nyuma ya magoti. Kawaida mwanamume hutoboa, mkewe hutia mbegu. Mashavu alitoboa mwenyewe, akarudi nyuma akatia mwenyewe, akafukia kwa kisigino. Aliendelea hivyo kila siku mpaka kanga ikabaki tupu.

Mahindi yakachomoza. Ndipo maji ya pili yakaja.

Ndiyo, yalikuja! Yale yale. Yalipanda kimya kimya, yakalala juu ya miche, na yalipoondoka yaliacha utelezi wa kijani na uvundo wa kukata pumzi. Mashavu alisimama pembeni ameziba pua kwa kanga. Alingoja moyo upasuke. Haukupasuka. Alichoona ni tope tu, tope bichi lililokuwa tayari kupandwa tena.

Na kijijini kwao palikuwa na desturi: aliyeozeshewa na mto hanyimwi mbegu. Hupita na kitunga nyumba kwa nyumba kule juu, na kila mke humtilia gao moja, kiganja kilichojaa, bila kuuliza. Mashavu alikuwa ameiona desturi hiyo tangu utotoni, tena yeye mwenyewe aliwatilia wengine. Katika kuwaza kwake kote hakuwahi kuihesabu hata mara moja, kwa kuwa gao hilo hupewa aliyepanda, na yeye hakuwahi kupanda.

Alianza na nyumba ya kaka yake. Zabibu alikitazama kitunga, akamtazama usoni, akaingia ndani. Alirudi na magao mawili ya mahindi safi, hayana hata tundu.

"Ya kupandia maji haya," alisema, na safari hii hakuongeza methali.

Jumbe Mtoro alimkuta bondeni ameinama, matope hadi kiunoni, nusu ya shamba imekwisha kutiwa upya. Kwenye matete yaliyobaki, alama ya maji ya pili ilionekana bado, mstari wa kahawia uliokaukiwa na takataka.

"Mwanangu," Jumbe alisema, "shamba ni lako, nimeona. Lakini niambie, miaka yote ile ulikuwa ukiogopa nini hasa?"

Mashavu aliunyoosha mgongo polepole. Akaunyooshea kidole ule mstari kwenye matete.

"Hicho, Jumbe. Hicho tu," alisema, akatema mate chini, akatoboa shimo jingine.