Kilima Nilichowapa Watu wa Fizi

Walisema sitamaliza. Walisema mtoto wa mama muuza mihogo hawezi kuvumilia shule ya Albertville, kwamba nikionja mkate wa mjini nitaacha vitabu niende kubeba mizigo bandarini, na wengine (nawajua, wapo hapa hapa Baraka, tunasalimiana) walisema nikirudi nitarudi bila viatu. Nilirudi na diploma ya ukarani, nimevaa viatu, tai na kofia, na diploma yenyewe niliitia kwenye fremu. Kwa hiyo ninapowasimulia namna nilivyoingia ziwani nimeviringishwa na wavu mbele ya Baraka yote na nusu ya Fizi, msidhani nilikuwa mtu asiye na akili. Mtu asiye na akili asingeweza kupanga aibu kubwa namna ile.

Kosa lilianza mdomoni. Tangu niliposhuka kwenye meli nilikuwa nikimwambia kila mtu, hata asiyeuliza, kwamba kule shuleni mwaka wa mwisho nilifunga mabao arobaini na zaidi, na hakuna mwanafunzi aliyenikaribia. Hiyo ilikuwa kweli kabisa. Nilichoacha kusema ni habari ya uwanja. Uwanja wa shule yetu ulikuwa mfupi, umebanwa kati ya ukuta na karakana ya useremala, udongo wake mgumu kama sakafu, halafu uliinama kuelekea goli moja. Kipindi cha kuteremka mpira ulikimbia wenyewe na mimi nilikuwa naufuata tu na kuusindikiza golini. Kipindi cha kupanda sikufunga kitu. Siku moja, kwa kupenda hesabu, nilijaribu kukumbuka bao hata moja nililofunga nikipanda, sikulipata, nikaamua kutolifikiria tena.

Sasa timu ya Baraka ilikuwa inangojea kucheza na timu ya Fizi, na kapteni wetu Ramazani, mvuvi mwenye mabega mapana, aliposikia hesabu yangu akaniweka katikati ya washambuliaji. Nilifanya mazoezi mara moja kwenye uwanja wetu wa kando ya ziwa, ambao ni mchanga mtupu, na mchanga ule ulinitia homa. Unapiga mpira kwa nguvu zako zote, unakwenda hatua chache, unakaa. Ramazani kwenye mchanga ule alikuwa na mabao machache tu kwa mwaka, na siku ile ndipo nilipoelewa kwamba machache yake yalikuwa mazito kuliko arobaini yangu. Badala ya kusema hivyo, nilisema tuhamishe magoli.

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo. Nyuma ya ghala la pamba kulikuwa na mteremko wa majani mafupi unaoshuka mpaka majini. Ramazani hakupenda.

"Tunachezaka mu muchanga tangu zamani," alisema. "Juu ya nini tuhame?"

"Muchanga inakula mupira," nikamjibu. "Kule mupira itakimbia yenyewe."

Walinisikiliza kwa sababu ya fremu ile, nafikiri. Tukang'oa miti ya magoli, tukaichimbia upya, na hapo ndipo mtu mmoja aliuliza swali ambalo mimi sikujiuliza: mpira ukipita goli la chini utakwenda wapi? Utakwenda ziwani, tena moja kwa moja, na Baraka ilikuwa na mpira mmoja. Ikabidi goli lile lifungwe wavu. Na wavu mzuri, mpana, usio na tundu, ulikuwa kwa Baba Selemani.

Huyu Baba Selemani ndiye baba yake Zaituni, na Zaituni ndiye niliyemposa, na jibu lilikuwa bado. Nilikwenda kwake nikiwa nimeinamisha kichwa. Aliushusha wavu kutoka kwenye miti ya kuanikia, akaukunja polepole, akaniwekea mikononi.

"Giza ya mwezi inakaribia, naingia kuvua ndagala," alisema. "Hii nyavu njo inalisha nyumba. Ikipasuka, baba, usirudi tena hapa kuulizia Zaituni."

Tangu saa ile sikulala vizuri. Nilimwomba karani wa ghala la pamba viatu vyake vya kuchezea mpira, vyenye meno chini (wenzangu wote walicheza pekupeku, lakini mtu wa diploma atachezaje pekupeku?), vikawa vikubwa, nikavijaza pamba mbele.

Siku ya mchezo lori la Fizi lilichelewa. Nilikuwa nimetegemea upepo wa asubuhi, ule unaotoka milimani kwenda ziwani, utusukume mgongoni. Walipofika, jua lilikuwa limepita kichwani na upepo ulikuwa umegeuka, unatoka ziwani. Mimi niliyezaliwa pale nilikuwa nimesahau kwamba unageuka. Watu wa Fizi wakashuka, wakatazama uwanja, wakatazamana, wakaanza kucheka. Mlinda goli wao akamshika Ramazani mkono.

"Aksanti, ndugu. Mumetujengea kama kwetu."

Fizi iko juu ya milima. Watu wale wamejifunza kutembea kwenye mteremko, na mpira wao wote wanaucheza chini chini, kwa pasi fupi, ili usiwakimbie. Wetu, watoto wa mchanga, walizoea kupiga juu, na mpira wa juu sasa ulikuwa wa upepo.

Nilikuwa nimeshauri tuanze kwa kupanda, kama shuleni, tuweke mteremko kwa kipindi cha pili. Fizi wakateremka. Bao la kwanza, la pili, sikumbuki tena, kwa sababu sikuwa natazama mabao, nilikuwa natazama wavu. Kila mpira ulipoingia ule wavu ulivimba kama tumbo la samaki, na mimi nasimama katikati ya uwanja nahesabu mafundo kwa macho. Ulivumilia. Kipindi kilipokwisha nilikuwa peke yangu mwenye furaha katika timu.

Kipindi cha pili, zamu yetu kuteremka. Ramazani akanipigia mpira mrefu, mzuri, nikaukimbilia kama nilivyozoea, nikijua utakuwa mbele yangu ukinisubiri. Upepo wa ziwa ukauzuia hewani. Mpira ukaanguka nyuma yangu, na mimi nilikuwa nimeshashika mbio, viatu vikubwa, pamba imesogea kisigino, kilima kinanisukuma, sina pa kujishikilia. Nikampita mlinda goli. Nikaingia kwenye wavu kwa miguu, meno ya viatu yakaushika, nikasikia ukichanika kama kitambaa dukani, nguzo moja ikanifuata, tukaenda sote mpaka majini.

Kisha mlinda goli wa Fizi akamgeukia refa, akasema bila haraka:

"Mupira iko nyuma. Mufungaji njo amefika."

Kicheko kile nilikisikia chini ya maji.

Baba Selemani alishuka na kisu. Sikujua ni kwa ajili yangu au ya wavu. Alikata kamba zilizoshika viatu, akaukusanya wavu wake begani ukimwaga maji, akaondoka bila kunitazama.

Ramazani, ambaye angeweza kucheka kuliko wote, alimkopesha Baba Selemani wavu wake mwingine kwa nyakati za giza, kwa sharti kwamba mimi nikaanike ndagala zake yeye Ramazani kila asubuhi pamoja na bamama pale mchangani. Nilianika, na tai nikaiacha nyumbani. Mchana nilikaa mlangoni kwa Baba Selemani na sindano ya nyavu, nikishona tundu baada ya tundu, na wapita njia waliniita Mufungaji. Nimeapa: mtu akinitajia hesabu ya mabao yake namwuliza kwanza uwanja uliinamia wapi, na yangu sitaitaja tena.

Siku nilipomaliza nilimrudishia karani viatu, vimepakwa mafuta. Nikamrudishia Ramazani wavu wake, mkavu. Mwisho nikamfikishia Baba Selemani wake. Aliutandaza uani, akaupitia kwa vidole, upande hadi upande, mimi nimesimama natokwa jasho. Akaukunja.

"Jumapili lete mujomba wako, tuongee," alisema. "Na weye ukuye. Lakini ukae kimya."

Jumapili nilikaa kimya tangu kuingia mpaka kutoka, na jambo hilo Albertville hawafundishi.