Dakika Tisa za Profesa Foleni

Kwa miaka thelathini Profesa Foleni, kama wanafunzi walivyomwita akigeukia ubao, aliwafundisha wahandisi kupanga magari, mashine na watu kwa hesabu, ili mtu asisubiri. Yeye mwenyewe alichelewa darasani karibu kila siku.

Kilele cha kazi yake kilikuwa ripoti ya kurasa mia mbili iliyofunga vituo viwili vya ambulansi kati ya vitatu. Magari yote yakae pamoja, mgonjwa afikiwe kwa dakika tisa. Siku ya kuiwasilisha, dereva mmoja mwenye mvi alinyoosha mkono.

"Prof, zamani kila kituo kilikuwa na birika lake na saa yake ya chai. Sasa tutakunywa wote saa nne."

"Kunyweni kwa zamu."

"Chai ya zamu hupoa, bosi."

Ukumbi ukacheka. Profesa naye akacheka, akafungua ukurasa mwingine. Wakubwa wakampa cheo na ngao ya kioo.

Jumanne moja, saa nne na dakika tano asubuhi, mama yake alishika kifua sebuleni, akateleza kutoka kwenye kochi. Profesa akapiga simu.

"Gari linakuja," karani wa kituo cha ambulansi alisema.

Akatazama saa. Dakika ya nne, midomo ya mama iligeuka kijivu. Dakika ya tisa alikuwa getini, na barabara ilikuwa tupu.

"Liko wapi?" dada yake alipaza sauti, kichwa cha mama mapajani.

"Dada, kwa wastani—"

"Huyu ni mama, si wastani! Piga tena!"

Alipiga. Nyuma ya sauti ya karani vikombe vilikuwa vikigongana.

"Waambie waache chai!"

"Kwani wewe nani?"

Gari lilifika likipiga king'ora, na yule dereva mwenye mvi akaruka chini, makombo ya mkate yangali kwenye masharubu. Akamvisha mama barakoa ya oksijeni.

"Dakika ishirini na moja, Prof," alisema bila kuinua macho. "Niandike wapi?"

Wote walikuwa wakitazama kifua cha mama. Kikatulia. Bado kimetulia. Kikapanda.

Wiki iliyofuata profesa aliandika barua ya mistari miwili: vituo vifunguliwe tena, kila kimoja kirudishiwe birika lake. Katika maandiko yake yote, hilo ndilo andiko pekee lililowahi kusomwa hadi mwisho.