Mchawi wa Kiatu cha Zambarau

Pamba iliyomo ndani ya kasha hili bado inanukia udi. Nikiinusa tu, najiona nina miaka tisa, nimekaa sakafuni kwa kina Neema, ghorofa ya juu yetu pale mtaa wa Al Sadd, ughaibuni katika nchi ya Kiarabu, roho ikiniuma kwa wivu.

Baba yake alikuwa mhudumu wa hoteli. Kila mwaka, wageni walipomaliza sherehe yao ya Halowini, ile ya Wazungu ya kujivika vitisho, aliruhusiwa kumletea binti yake pambo moja la kutundika: popo mwenye meno, fuvu linalocheka, boga lililovaa kofia. Hayakuwa mapambo ya ovyo, kila moja lilikuwa na namba yake chini. Baba yangu mimi aliendesha basi. Angeniletea nini, usukani?

Neema aliyafungua kwenye pamba polepole, kana kwamba ni mayai. "Shika vizuri, usiniangushie," alikuwa akiniambia, nami nilimchukia kila aliposema hivyo. Nilimtamani mchawi namba tano, bibi kizee mwenye kiatu kimoja cha zambarau. Nikamwomba. Akasema hapana, seti yake ingebaki na pengo.

Basi nikashuka nyumbani, nikamwambia mama kwamba kina Neema wanaficha wachawi na mafuvu kabatini. Sikusema uongo hata kidogo, na hapo ndipo ulipokuwa ubaya wangu.

"Shetani ashindwe!" mama alisema, bila hata kuniuliza ni wachawi wa namna gani.

Ijumaa, maana ibada yetu kule ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko, akina mama wa kikundi cha maombi walitoka kanisani moja kwa moja hadi kwa kina Neema. Waliomba, wakakemea, wakapaka mafuta milangoni. Mama Neema, kwa aibu, akayamwaga mapambo yote kwenye mfuko wa taka. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi, na sitawaficha, nilifurahi.

Jioni Neema alishuka, macho mekundu, akanitia mkononi kasha dogo lenye pamba.

"Nilimtoa kabla hawajaingia," alisema. "Chukua. Si ulimtaka?"

Nilimwona mjinga, kumpa zawadi mtu aliyemchongea. Nilikuwa tayari mama wa mtoto nilipokumbuka kwamba Neema hakuwahi kumwonyesha mtu mwingine zaidi yangu mapambo yale. Alijua tangu wale akina mama walipobisha hodi. Alijua, na bado alishuka ngazi.