Sinyali ya waya stesheni Likasi

Wiki hii nilikuwa stesheni, kati ya familia zilizofukuzwa makwao, zinazongoja treni isiyokuja. Mzee mmoja, mfanyakazi wa reli zamani, alipiga magoti mbele ya reli ndogo ya mfano aliyoitengeneza kwa waya wa shaba, akijaribu kufunga kando yake sinyali, ule mlingoti wa kuruhusu treni ipite, nyembamba kama njiti ya kiberiti. Ilimponyoka, akaiokota. Ikaanguka tena.

Buti la askari likasimama pembeni. Watu wakasogea nyuma.

"Iko nini hii, papa?" askari akamuuliza mzee.

"Sinyali, chef. Kama haiko, treni haiwezi kupita."

Askari akainama, akaishikilia kwa ncha za vidole mpaka mzee akaifunga.

"Njia iko wazi," mzee akasema.

Na sisi, watu wazima wenye akili zetu, wote tukageuka kutazama reli kubwa, ile ya treni ya kweli.